Sauti ya Stesheni Ilipokwama

Mtaani wanamwita Mama Diski, na jina hilo hakulichagua. Yeye alitaka kuitwa Fundi, kama kibao cha dirishani kinavyosema, lakini watu wakishakubandika jina huna pa kulibandulia. Kazi yake ni kutoa vilivyokwama. Mtu akichomeka diski yake ya nje kwenye kompyuta, kompyuta ikajifanya haimjui mgeni huyo, basi huifunga kwenye mfuko, huibeba mkononi kama yai na kumletea.

Chumba anachofanyia kazi kilikuwa sebule. Makochi yalihamishwa, ikaingia meza ndefu mbele ya dirisha, taa yenye shingo ya kupinda, kopo la maziwa lililojaa bisibisi nyembamba, na rafu ya diski zilizokufa ambazo hunyofoa vipuri vyake. Karibu na mlango kuna benchi la wateja. Zamani alikuwa mpiga chapa ofisini. Kompyuta zilipoletwa, wenzake walinung'unika na kusubiri kuachishwa kazi. Yeye akavuta kiti karibu na fundi aliyekuja kuzifunga na kumuuliza maswali mpaka yule fundi akaanza kwenda kula kwa kujificha.

Ana desturi mbili. Kwanza, kabla hajafungua kitu, huwasha diski na kuitega sikio. Ikigonga-gonga, ndani kumeumia. Ikinyamaza, umeme haufiki. Ikivuma polepole, kuna matumaini. Pili, haangalii vya watu. Kazi ikiisha humwambia mteja, "Chagua faili moja, ulifungue mwenyewe, uone kama ndilo," kisha hugeuza kiti na kumtazama kinyozi wa ng'ambo ya barabara akinyoa. Amemtazama kinyozi huyo kwa miaka, hata siku moja mke wa kinyozi akaja kuuliza kulikoni.

Mume wake anaitwa Stesheni. Tangu ujana mpaka kustaafu alikuwa akitangaza safari za treni kwenye kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa nzito, safi, isiyo na haraka, na hakuiacha kazini. Akirudi nyumbani aliomba chumvi kwa namna ambayo ungedhani chumvi inaondoka jukwaa la pili. Watoto walipokuwa wadogo waliamka kwa sauti hiyo na kulala kwa sauti hiyo, na hakuna aliyewahi kusema hakusikia.

Kisha koo likaanza kukwaruza. Likakwaruza msimu mzima, na madaktari walipomaliza vipimo hawakuzunguka mbuyu: kisanduku cha sauti kitolewe, ama ugonjwa uendelee. Atakula, atatembea, atapumua kwa tundu shingoni. Kusema, hatasema tena.

Binti yao, nesi anayefanya kazi mji wa mbali, ndiye aliyeleta habari ya programu ya simu. Mgonjwa hurekodi maneno kabla ya upasuaji. Baadaye anabonyeza kitufe, na simu inasema kwa sauti yake mwenyewe. Stesheni aliipokea habari hiyo kama aliyerudishwa kazini. Alitundika mablanketi madirishani ili kelele za nje zisiingie, akajifungia chumbani na karatasi zake. "Naomba maji ya kunywa." "Nimeshiba, asante." "Nani yuko mlangoni?" Akarekodi na majina ya ukoo mzima, hata ya jamaa asiowapenda.

Kila alipomaliza, aliyaweka mafaili kwenye diski ya nje. Mkewe akipita mlangoni alimuuliza, "Umeweka nakala ya pili?"

"Nimeweka, Mama. Usinifanye mteja."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alirudi nyumbani na skafu shingoni na ubao mdogo mweupe wa kuandikia, ukining'inia kifuani. Kwa ubao huo aliweza kuomba, kukataa na hata kugombana. Kwenye simu tu ndiko ulikomshinda. Binti alipiga akitoka zamu, akiwa njiani, mtandao wa huko hauna nguvu ya kubeba picha. Mama akapokea, akaongea, akasema "baba yako huyu hapa anakusalimu," na baba akabaki anatikisa kichwa mbele ya simu isiyo na macho. Binti aliuliza, "Yupo kweli?" Stesheni akainuka akatoka nje.

Siku waliyopanga kuhamishia sauti kwenye simu, umeme ulikatika katikati ya kazi, ukarudi kwa kishindo kilichozima hadi jokofu. Taa ya diski iliwaka, lakini kompyuta haikuonyesha kitu. Stesheni alichomoa, akachomeka tundu jingine. Kimya. Akabadili tena. Safari hii kompyuta ilizinduka na kumuuliza kama angependa kuifomati diski, yaani kuisafisha yote ianze upya. Aliondoa mkono kama aliyegusa jiko la moto, akaenda kumwita mkewe.

"Hukubonyeza ndiyo?" Mama Diski aliuliza.

Akatikisa kichwa.

"Hukubonyeza?"

Stesheni aliandika kwa herufi kubwa: NIMEOA FUNDI. MENGINE NAYAJUA.

"Haya. Nakala ya pili iko wapi?"

Akaionyesha diski.

"Hiyo ni ya kwanza. Nauliza ya pili."

Akaionyesha tena ileile. Halafu, alipoona mkewe hajaelewa, akaandika: FOLDA MBILI.

Mama Diski alivuta kiti akakaa. Mwanamume huyu aliishi naye katika nyumba ambamo wateja waliambiwa kila siku wawe na nakala mbili, akalisikia somo hilo akinywa chai, akalisikia akisoma gazeti, na alipofika zamu yake akatii: akanakili kila faili kwenye folda nyingine, ndani ya diski ileile, na folda akaipa jina "Nakala ya Pili." Mteja angeambiwa neno. Mume alitazamwa tu, na yeye akauangalia ubao wake kana kwamba ndio uliokosea.

"Sijawahi kusema iwe diski nyingine," Mama Diski alisema hatimaye. "Nilidhani linajulikana."

Jioni ile alikuja shemeji yake, ndugu mdogo wa Stesheni, dereva wa lori aliyestaafu na mwenye ushauri kwa kila kitu.

"Shemeji, hiyo diski itie kwenye friza. Mtu mmoja alifanya hivyo, ikaamka."

"Huyo mtu ana diski gani sasa?"

"Hilo sikuuliza."

"Ukitia kwenye friza inatoka na unyevu, shemeji. Halafu hata mimi siiwezi."

"Basi ipigepige kidogo. Redio yangu huwa inakubali."

Stesheni aliandika kitu na kumgeuzia ndugu yake ubao. Kilikuwa kifupi, na shemeji mtu akacheka, akaaga.

Asubuhi Mama Diski alibandika kipande cha karatasi ya gundi juu ya diski, akaandika "Mteja." Mumewe aliona.

MTEJA NDIYE MIMI?

"Ndiye wewe. Na wateja wanakaa kwenye benchi."

Akaenda kukaa kwenye benchi.

Mama Diski alibandika karatasi ile ili diski ya mume aishike kama anavyoshika ya mteja yeyote. Aliiwasha, akaitega sikio. Ilivuma. Chini ya mvumo alisikia mkwaruzo mwepesi, unakuja na kupotea. Akabadilisha waya, hakuna. Akajaribu kompyuta nyingine, hakuna. Akafungua ganda lake la plastiki, na harufu ya kuungua ikamwambia kabla ya macho. Kibao kidogo kinachounganisha diski na waya kilikuwa na doa jeusi. Kishindo cha umeme kilipita hapo.

"Mlango umeungua," alisema bila kugeuka. "Nyumba sijui bado."

Akaichomoa diski kwenye kibao kile, akaiunganisha moja kwa moja na mashine yake ya kazi. Jina la diski likatokea kwenye kioo. Kwenye benchi Stesheni alisimama. Mkewe akainua kiganja, Stesheni akaketi tena. Ule mkwaruzo ulimaanisha kuna sehemu zimechubuka ndani, na diski ya namna hiyo haipekuliwi. Kila unapoigusa unaipunguzia uhai. Kwanza unainakili yote ilivyo, nzima na mbovu, kwenye diski nyingine, kisha unaiacha ipumzike na kuhangaika na nakala. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa. Mashine ilisoma, ikakwama, ikaruka, ikarudi. Mama Diski alipika, akapokea wateja wengine, na kila alipopita aliitazama mashine kwa jicho la pembeni, kama mtu anayepita kitandani pa mgonjwa.

Iliponyamaza, alianza kupekua nakala. Folda zote mbili zilikuwa zimesambaratika, ya kwanza na ile ya pili kwa pamoja. Programu yake ilibaki kuokota mafaili mojamoja, kama aokotaye maharage yaliyomwagika, na ikayapa namba, maana majina yalipotea.

"Yapo," alimwambia mumewe. "Si yote. Na hakuna linalojulikana ni lipi. Njoo uyafungue uyape majina."

Akampisha kiti, akavuta kingine na kukigeuzia dirishani. Kinyozi alikuwa anapaka povu shavu la mtu.

Nyuma yake sauti ikasema, "Naomba maji ya kunywa."

Haikuwa ikiomba kwa yeyote, lakini alijikuta ameshainuka nusu kwenda jikoni. Akakaa. Hakuwa ameisikia tangu asubuhi ya upasuaji. Kinyozi alimaliza shavu moja, akaanza la pili, na yeye hakuona kitu.

"Nimeshiba, asante." "Nani yuko mlangoni?" Kisha ikaja nyingine: "Naomba maji ya... toka! Toka hapo! Huyu kuku kaingiaje humu?" Purukushani, kiti kikaanguka, na kicheko cha Stesheni, kile cha kifuani, kikavuma chumba kizima.

Mama Diski aligeuka. Mumewe alikuwa amekunja uso, kidole kikielekea kitufe cha kufuta.

"Acha."

HIZI NILIZIFUTA, aliandika. HAZIKUTOKA VIZURI.

"Ulizifuta, sawa. Lakini programu inaokota na vilivyofutwa. Haijui ulichokikataa." Akasogeza kiti chake karibu na cha mumewe. "Hakuna kinachofutwa hapa mpaka tumalize. Endelea."

Wakaendelea wote wawili, na habari za kinyozi zikaishia hapo. Zilikuwapo kauli safi, zilizonyooka, za mtu aliye jukwaani. Zilikuwapo na zile alizozikataa: amekohoa, amekosea jina la mjomba, amepotea katikati ya sentensi. "Mke wangu, nina... nina nini? Hapa nimeandika nini?" Mama Diski alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la khanga. Stesheni naye akatikisika mabega bila sauti.

Lakini kadiri walivyoyapa mafaili majina, ndivyo walivyoona kilichopotea. "Usiku mwema" haikuwapo. Majina ya wajukuu yalipatikana mawili. Na salamu ya binti, ile aliyoirekodi mara nyingi kuliko zote, haikuonekana. Stesheni alipekua mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Mwishowe ilipatikana moja, na alipoisikia akaizima haraka.

"Hiyo ndiyo yenyewe," mkewe alisema.

HAPANA. NILIIFUTA HIYO.

"Tuisikilize."

Alisita, akabonyeza. "Mwanangu..." sauti ilianza vizuri, kisha ikatetemeka, ikakatika. Pumzi. Kiti kikalia. "Ngoja, nianze tena. Mwanangu, hujambo?" Ile ya pili nayo haikunyooka, ilikuwa ya mtu anayejikaza.

Stesheni alikaa na ubao mapajani. Maisha yake yote hakuwahi kupeleka hewani tangazo lililokatika. Treni ikichelewa alitangaza kuchelewa kwa sauti iliyonyooka, na aliyeshindwa kunyooka, kwake, hakuwa mtangazaji. Akaandika: NITATUMIA UBAO. MWAMBIE WEWE.

"Simwambii," Mama Diski alisema. "Nimechoka kuwa mkalimani wenu." Akaliingiza faili lile kwenye simu ya mumewe pamoja na mengine, akaiweka mezani mbele yake, na ya kwake kando, akaenda jikoni kuteleka maji.

Binti alipiga akitoka zamu. Simu ya mama ililia mezani, na mama hakutoka jikoni. Ililia mpaka ikakaribia kukatika. Ndipo Stesheni akapokea.

"Mama? Haloo? Mama, unanisikia?"

Akaisogeza simu yake karibu na ile ya mkewe. Kidole kilipita juu ya "Nimeshiba, asante," kikapita juu ya "Nani yuko mlangoni," kikasimama. Akabonyeza.

"Mwanangu..." sauti ikatetemeka, ikakatika. "Ngoja, nianze tena. Mwanangu, hujambo?"

Upande wa pili zilisikika hatua za mtu anayetembea, halafu hazikusikika.

"Sijambo, Baba," binti alisema. "Anza tena tu. Nakusikia."

Akabonyeza tena.