Vifo Tisa vya Shangazi

Filamu tisa ameshatengeneza, na katika zote tisa shangazi yake anakufa. Alianza kufa kwa sumu, akafa kwa moto, kisha kwa huzuni iliyochukua dakika arobaini. Katika ya sita alizama baharini, ingawa bahari ilikuwa beseni la kufulia.

Mtaani anaitwa Dairekta. Yeye hujitambulisha kama mtengenezaji filamu wa kujitegemea, jambo linalomshangaza shangazi, maana chumba ni chake, chakula ni chake, umeme ni wake, na maiti pia ni yeye.

Dairekta ana sheria moja: hakuna kusogea mpaka aseme "kata". Naye hasemi upesi. Anaamini ukweli wa mwigizaji hutoka akishachoka, kwa hiyo watu wanalala sakafuni mpaka mbavu zinauma. Siku moja kinyozi wa jirani aliingia kumfukuzia marehemu nzi puani. Alisemwa siku tatu. Tangu hapo majirani wote, ambao ndio waigizaji na ndio watazamaji, wameshika adabu.

Ikabaki wiki moja filamu ya kumi ipelekwe kwenye tamasha. Dairekta alikuwa ametoka kununua betri. Shangazi akapita barazani na ndoo, akateleza, akaanguka chali, mkono ukalia ko. Kinyozi na fundi cherehani walikuwa hapo hapo mlangoni. Wakasimama wima. Kinyozi akavua kofia, kama alivyofundishwa katika filamu ya nne.

"Leo amekufa vizuri," akanong'ona.

"Nyamaza wewe, sauti inaingia."

"Jamani, niinueni," shangazi akasema. "Mkono huu."

"Hayo maneno mapya," fundi akasema kwa heshima.

Dakika ishirini walimtazama. Dairekta akarudi, akamwona mama aliyemlea amelala kwenye maji ya ndoo, akaharakisha. Kuelekea kwenye kamera.

"Shangazi, tulia hivyo hivyo. Mwanga umekaa vizuri sana."

Shangazi aliinuka mwenyewe, akaenda hospitali mwenyewe, akarudi na plasta mpaka kwenye kiwiko. Dairekta akamsubiri amalize chai.

"Sasa tumalizie ile ya kifo. Ijumaa ndiyo mwisho."

"Nimeacha kufa."

"Shangazi, bila kifo chako sina filamu."

"Basi kufa wewe, mwanangu. Umri unaruhusu."

Dairekta akafikiri, akaliona wazo kuwa ni kubwa, na zaidi ya yote ni lake. Akatega kamera juu ya miguu yake mitatu, akaiwasha, akamkabidhi shangazi, akalala barazani mdomo wazi. Kinyozi na fundi wakaja kuomboleza. Shangazi akaweka kigoda karibu na kamera, sufuria mbele ya miguu, akaanza kumenya viazi kwa mkono mmoja uliobaki.

Viazi vikaisha. Akaanza karoti.

"Shangazi," marehemu akasema bila kusogeza midomo, "sema kata."

"Ukweli bado. Naona hujachoka."

"Mgongo unaniuma."

"Hayo maneno mapya," fundi akasema.

Nzi akatua puani. Kinyozi alimtazama yule nzi kwa upendo, mikono nyuma. Kivuli cha ukuta kikavuka baraza yote, na miguu ya marehemu ikaanza kutetemeka yenyewe, ndipo shangazi akafuta kisu, akasema, "Kata," akaingia jikoni.

Dairekta alitambaa mpaka kwenye kamera. Kifuniko cha lenzi kilikuwa mahali pake, kimebana kabisa.

"Shangazi, hukukitoa hiki?"

"Nilikirudisha," akajibu toka jikoni. "Mwanga haukukaa vizuri."

Ijumaa Dairekta akaituma filamu vivyo hivyo: dakika mia na kumi za giza, kisu kinakwangua viazi, na mtu mzima analalamikia mgongo. Waliobahatika kuiona mtaani wanasema ameanza kukomaa.