Beseni la Maji Baridi

Getruda Magesa wa Guta hakuwa mtu wa kulala mchana. Tangu afiwe na mumewe alilima pamba na kukamua ng'ombe peke yake, na kijiji kilipokuwa cha ujamaa aliongeza darasa la watu wazima, saa kumi jioni, akajifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na sita. Hakuchelewa hata siku moja.

Mwanawe Danford alirudi kutoka Chuo Kikuu mwaka 1972 na barua. Alikuwa ameanguka somo la takwimu. Angerudia mtihani mwezi wa sita, na akishindwa tena, ndiyo basi, chuo hakina nafasi yake. Getruda hakulia. Alimwuliza tu atamsaidiaje.

"Ukeshe na mimi, mama," alisema Danford. "Wenzangu wanasoma mpaka kunakucha. Mimi nasinzia. Ukiniona nasinzia, nimwagie maji."

Basi kila usiku Danford alitumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi, na mama yake akaketi pembeni ameshika kata. Kichwa cha kijana kilipoanza kuinama, alimmwagia shingoni. Alifanya hivyo wiki tatu kwa moyo wake wote, akiamini kila kata ya maji inamsogeza mwanawe mbele. Kijijini nao walisifu. Kibatari cha kwa Getruda hakizimwi, walisema. Yule ndiye msomi.

Danford alikuwa ameandika maswali kumi kwenye daftari, na kila asubuhi mama alilishika ili kijana ajibu kwa mdomo. Majibu yalikuwa ya Kiingereza na Getruda hakuyaelewa, ila namba alizijua, na mtu akikwama alimjua. Wiki ya kwanza Danford alifika swali la sita. Ya pili, la nne. Ya tatu alikwama kwenye la pili, akashika kichwa.

"Mama, hili nililisoma jana. Limekwenda wapi?"

Usiku ule Getruda aliongeza maji.

Asubuhi ikawa zamu yao kwenye shamba la kijiji. Jirani yao Masatu aliongoza ng'ombe mbele, Danford akashika plau, na Getruda akafuata nyuma akidondosha mbegu za mtama. Mistari mitatu ilikwenda vizuri. Wa nne ulipinda, ukakata wa tatu, ukaelekea kwenye viazi vya watu. Masatu aligeuka. Danford alikuwa anatembea, mikono kwenye plau, amefumba macho.

"Mama Danford," aliita Masatu, "huyu wako analalaga huku analima? Chuoni ndiko wanakofundisha hivi?"

Wanawake walicheka. Danford aliuona mstari wake, akainamisha uso.

"Leo tusifungue ng'ombe mapema," alisema. "Tuendelee mpaka adhuhuri, nifidie nilichoharibu."

Masatu alikuwa ameshaanza kulegeza nira. "Hapana, mdogo wangu. Hawa walikula alfajiri. Wasipolala wakacheua, yale majani ni mzigo tu tumboni. Kesho utawapiga mpaka uchoke wewe, na hawatavuta."

Hakuna asiyejua hilo Guta. Getruda mwenyewe alikuwa amewaambia wachungaji wa kijiji mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Lakini aliwatazama ng'ombe wakipiga magoti kivulini, taya zikianza kwenda polepole, kisha akamtazama mwanawe, macho mekundu, shati linaning'inia mabegani. Mkono wake wa kulia, ule wa kushika kata, ukawa mzito.

"Danford, twende nyumbani ukalale."

"Mchana huu? Watu watasema nini, mama?"

"Watasema umelala."

Alimtandikia ngozi, akafunika dirisha kwa khanga. Beseni akalipeleka zizini ndama wanywee.

Mchana akapita Clementi, balozi wa nyumba kumi, na karatasi mkononi. "Nimekuja msomi wetu anisomee tangazo hili. Yuko wapi?"

"Amelala, balozi."

"Na jua liko pale? Tumemtuma kusoma, Mama Danford. Hatukumtuma kunyonya jasho la watu."

"Anacheua. Amekula wiki tatu bila kulala, na mimi ndiye niliyemzuia." Alivuta kigoda. "Kaa. Tangazo nitakusomea mimi."

Akalisoma, neno moja moja, mpaka mwisho. Clementi alimaliza uji aliopewa, akaondoka.

Uvivu ni kitu kibaya na hautetewi hapa. Lakini kuunyima mwili haki yake, kisha kuiita dhuluma hiyo bidii, nako ni uongo, na wa kwanza kudanganywa ni mwanafunzi mwenyewe.

Tangu siku ile kibatari kilizimwa saa tatu. Danford aliamka alfajiri akasoma, akaenda shamba, akalala kidogo baada ya chakula, akasoma tena mpaka jua kuzama. Siku za mwanzo aliendelea kukwama kwenye swali lilelile la pili, na Getruda kwa hofu alifika mpaka zizini, akalitazama beseni. Akaliacha. Wiki iliyofuata kijana alifika la saba. Siku ya mwisho alijibu yote kumi, kisha akaeleza jambo lingine ambalo hakuulizwa.

Siku ya safari ya kurudi chuoni, Bunda, kwenye basi la Mwanza, Getruda alimshika mkono dirishani.

"Usiku wa kuamkia mtihani utafanya nini?"

"Nitapitia kidogo yale ya..."

"Utafanya nini?"

"Nitalala, mama."

Barua ilifika msimu wa kuchuma pamba, kupitia shule ya kijiji. Mwalimu alitaka kumsomea. Getruda akakataa, akaenda nayo nyumbani. Danford alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, zenye nafasi katikati, makusudi kwa ajili yake. MAMA, NIMEFAULU. NILILALA USIKU KUCHA.

Aliisoma mara tatu. Pamba ilikuwa inamngoja, na kikapu kilikuwa mlangoni. Aliikunja barua, akaiweka kifuani, akajilaza kwenye ngozi ile ile, mchana mweupe, mlango wazi.

Clementi alikuwa anapita njiani. Alichungulia, akamwona, akafungua mdomo kupiga hodi. Kisha akaufunga, akavua viatu, akapita uani kwa miguu mitupu.