Kitanda cha Kamba Chenye Magurudumu

Mume wangu alivunjika nyonga ghalani Clairwood, siku mzigo ulipoporomoka na kumwangukia. Mfupa ukaunga, akarudi kutembea, na kwenye harusi ya jirani rumba akacheza. Ila kiti cha baiskeli kikawa adui yake. Akikaa tu, kabla hajafika kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, uso unakunjamana, anashuka na kujifanya tairi limepungua upepo. Tairi halikuwa na kosa lolote.

Asiyemjua atasema, si apande taxi kama wenzake? Alipanda hizo daladala za huku. Lakini huyu ni mwanamume aliyekulia Uvira, Kongo, juu ya baiskeli, na mimi mwenyewe alinichumbia kwa baiskeli hapa hapa Durban, akinipitia jioni Warwick nilikokuwa na cherehani yangu na kunibeba nyuma hadi nyumbani. Tangu alipoitundika ukutani, alipungua. Aliongea kidogo, alikula kidogo, akawa mtu wa kukaa dirishani akitazama barabara. Mimi sipendi mtu wa kukaa dirishani. Nilimtaka mume wangu arudi.

Jumapili moja tulikuwa tunatembea ufukweni, kwenye ile njia pana ya waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Tukamwona mzee wa Kizungu amepanda kitu ambacho sijawahi kukiona. Mabomba yake membamba yameunganishwa kuwa pembetatu juu ya pembetatu, na kiti chake hakikuwa kiti. Kilikuwa wavu wa kamba uliotundikwa kama machela, mbele umefungwa juu ya usukani, nyuma umeshikwa na nguzo mbili za fremu. Mzee ameketi wima kama sultani barazani. Mume wangu akamsimamisha bila haya.

Yule mzee, Mungu ampe umri, alikuwa anangoja kuulizwa. Akatueleza kwamba ni muundo wa zamani wa Ulaya, baiskeli za aina hiyo zimebaki chache, na kwamba aliyeubuni alianza na kiti kwanza, ndipo akajenga baiskeli kukizunguka. Kisha akamwachia mume wangu akae. Nilimkazia macho usoni. Uso haukukunjamana.

"Mama," akaniita taratibu, "leta ile metre yako."

Fundi cherehani hatembei bila futi yake. Nikaitoa mkobani, tukaipima ile baiskeli kama bibi harusi anayeshonewa gauni. Mimi nasoma, yeye anaandika kiganjani kwa kalamu. Watu wakawa wanapita wanatushangaa, na mimi nikawatazama hivyo hivyo.

Baada ya kuumia, mume wangu alikuwa ameacha ghala na kupata kazi ya kuchomelea vyuma mtaani Jacobs. Bosi wake akamruhusu kutumia kona ya karakana Jumamosi mchana, pamoja na vipande vya mabomba vilivyobaki. Fremu ya kwanza ikatoka imepinda kidogo. Kidogo sana, mimi nisingeona. Yeye aliona, akaikata vipande akaanza upya, wala hakuona uchungu. Ya pili ilipokamilika alinipeleka nikaitazame, akavuta uzi kutoka mbele hadi nyuma.

"Unaona? Iko droit."

"Naona, imenyooka."

"Angalia na huku tena."

Nikaangalia na huku tena. Maungio yalikuwa mengi na kila moja amelipiga msasa mpaka likateleza kidoleni. Nilijisikia kama mtu aliyeolewa na mfalme, nikamwambia hivyo, akageuka kutafuta koleo ambalo alikuwa amelishika.

Kiti ndicho kilichomshinda. Aliweka turubai, likabonyea hadi kwenye chuma. Akaweka mikanda ya ngozi, ikavutika. Jumamosi ya tatu ya kuhangaika nikamwona anaanza kutazama dirisha la karakana, nikasema hapana.

"Baba, hebu nipishe. Hiki ni kitanda cha kamba, kimepewa magurudumu tu."

Akacheka. "Ninyi batu ya Tanga munalala juu ya kinga?" Kinga ndiyo baiskeli kwa Kiswahili cha kwao, na hajawahi kukubali kwamba kuna jina lingine.

"Tunalala juu ya kamba. Kaa uone."

Mimi kuwamba kitanda nilifundishwa na mama yangu kabla sijajua kusonga ugali. Kwetu kitanda kilicholegea ni aibu ya nyumba nzima. Mgeni akikaribishwa, kabla hajakaa hukibonyeza kwa kiganja, na hapo hukumu imeshatoka. Kwa hiyo nikanunua kamba ya katani, nikaketi sakafuni mwa karakana, mguu nimekanyaga fremu, nikavuta kila uzi mpaka vidole vikachubuka. Nilipomaliza nikakigonga kwa ngumi, kikalia kama ngoma. Mafundi wenzake wakapiga makofi. Mama yangu angekiona angenisifia, naye hakuwa mwepesi wa kusifia.

Mume wangu akapanda, akazunguka uwanja wa karakana mara moja, akashuka. Uso ulikuwa umekunjamana. Akaanza kukusanya vifaa vyake.

Nilikasirika, sitaficha. "Kamba haina kosa. Labda ni wewe uliyelegea."

"Mama, iko nguvu sana. Ni kama kukaa juu ya planche."

Juu ya ubao! Kazi yangu! Njia nzima ya kurudi nilimgeuzia mgongo, na taxi ilikuwa imejaa watu waliokuwa na mengi ya kusema. Ila mwenye kuvuta kamba akikasirika, mikono huendelea kufikiri. Usiku ule nikaelewa. Kitandani mtu hulala, mwili wote ukagawana kamba. Baiskelini anakalia mifupa miwili, na mmoja uliwahi kuvunjika. Nilikuwa nimemwambia mgeni karibu, na nilichomwandalia ni sifa yangu mwenyewe.

Kukata kitanda kilichowambwa vizuri kunauma. Nikakikata. Safari hii nikachukua kamba ya pamba, laini, nikakaza pembeni tu, na katikati nikaacha bonde. Kila uzi niliouacha ulegee ulinipa haya, nikawa naona kiganja cha mgeni kikibonyeza.

Mama alikuwa na desturi nyingine. Hakuruhusu mgonjwa alalie kitanda kipya mpaka mtu mwenye mwili wake amekikalia kwanza, kamba zivutike zote, ndipo zikazwe mara ya mwisho. Rafiki yangu Mkongo anayesuka nywele jirani na meza yangu ya cherehani ana mwili wake, na anajivunia. Nikampeleka Jacobs. Mume wangu akashika usukani, mimi nyuma, yeye akapandishwa kama malkia.

"Eish! Hii kiti iko bien kuliko ya salon yangu," akasema, akagoma kushuka mpaka amalize chai.

Aliposhuka nikakaza pembeni mara ya mwisho. Tukaibeba baiskeli hadi ufukweni Jumapili asubuhi. Mume wangu akapanda, akanyanyuka wima, mabega yamefunguka, akaondoka bila kugeuka nyuma. Nilisimama nikimtazama mpaka watu wakamficha.

Hakurudi upesi. Nikaketi, nikasimama. Nikamwona moyoni ameshuka mahali fulani, amejifanya tairi limepungua upepo. Kijana mmoja aliyekuwa anakimbia alisimama kuniuliza kama ile baiskeli ya ajabu aliyopishana nayo inauzwa mjini. Siku nyingine ningempa hadithi nzima, kuanzia Tanga. Nikamuuliza tu: "Mwenye nayo ameshuka?" Akasema hapana, alimwacha karibu na mdomo wa mto Umgeni, anaimba.

Alirudi shati limeloa jasho. Nikamfokea kwamba nilikuwa nakaribia kuita polisi.

"Nilifika fasi ile pale njia inaisha," akasema, "halafu nikarudi. Halafu nikaenda tena."

"Na mfupa?"

Akanitazama, bado ameketi juu ya kamba zangu, mguu mmoja chini.

"Mfupa gani?"

Nililia pale pale mbele za watu, na sikuona haya.