Fremu ya Kijani

Harufu ya kutu iliyolowa naijua kuliko harufu ya pilau ya mama. Ina majani yaliyooza ndani yake, ina maji yaliyolala, ina panya aliyekufa siku nyingi, na hata leo nikiisikia huziba pua. Nilikutana nayo jikoni kwetu Bordesley Green, mtaa wa Birmingham, Uingereza, kiangazi kimoja cha miaka ya elfu mbili, nikiwa na miaka kumi na mmoja, siku baba alipoipindua fremu ya baiskeli na uozo ukatiririka juu ya magazeti.

Baba alikuwa fundi baiskeli Bungoma, Kenya. Birmingham mikono ile ile iliogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia, kazi ya heshima kabisa, lakini mimi nilimwonea haya. Wenzangu wakiniuliza anafanya nini, nilibadilisha mazungumzo. Ndipo akaahidi kwamba Septemba, nikianza sekondari, nitakwenda kwa baiskeli aliyoiunda mwenyewe, juu ya fremu ya chuma ya zamani, ya zile zilizotengenezwa mji huu huu kabla viwanda havijafungwa. Hizi mpya za dukani aliziita makopo. Kwa mara ya kwanza nilimtaja baba yangu shuleni, tena kwa maringo.

Jumamosi moja tukapanda treni hadi Sutton Coldfield, kwa mzee mmoja Mwingereza aliyeuza fremu bandani nyuma ya nyumba yake. Alitupa chai na biskuti, akatabasamu mno. Fremu za kimo changu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya kahawia, rangi imebabuka, imejaa utando wa buibui na mavi ya njiwa. Nyingine ilikuwa ya kijani, inang'aa. Baba alitoa ufunguo wa nyumba, akaigonga ile chafu bomba moja baada ya jingine, kama wanawake wanavyogonga chungu sokoni kabla ya kukinunua. Ikalia kama kengele.

"Mama," akaniambia, maana nina jina la mama yake, "skiza vile inalia. Hii iko sawa kabisa."

Nikakunja pua. Mavi ya njiwa! "No, Baba, please, ni chafu," nikasema, nikaikumbatia ile ya kijani. Baba akaigonga hiyo pia. Ikatoa mlio mfupi, mzito, kama gogo. Akanitazama kidogo, kisha akamwambia yule mzee kwamba tunaichukua hiyo ya kijani.

Nyumbani alipofungua pale chini panapokaa ekseli ya pedeli, ndipo tope lile jeusi likamwagika, na wadudu wake. Kutu ilikuwa imekula chuma kikawa laini kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Tundu lililoliwa na kutu lilikuwa limezibwa kwa puti, ile ya kuzibia bodi za magari, kisha likapakwa rangi. Baba akabonyeza kwa kidole gumba, kikazama.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," mama akasema, leso puani. "Toeni huo uchafu jikoni kwangu."

Nilimchukia yule mzee, na sijamsamehe. Mtu anakukaribisha chai huku akijua kwamba mtoto wako ataupanda uozo ule barabarani! Tuliporudi Jumamosi iliyofuata, ile ya kahawia ilikuwa imeshachukuliwa. Baba alizifunga spana zake kwenye mfuko, akampa kijana mmoja Mkongomani kanisani. Septemba nilikwenda shule kwa basi, na tangu hapo sikumwona tena akiunda chochote.

Sasa nakaa Perry Barr, mtaa mwingine wa mji huu huu. Fremu kama ile ya kahawia siku hizi hutundikwa kwenye kuta za mikahawa, zimeoshwa na kupakwa mafuta, zisiende popote, na watu wanakunywa kahawa chini yake wakizisifu. Zinanitia kinyaa. Mwaka jana niliigonga moja kwa ufunguo wangu, ikalia vile vile. Jioni nikamuuliza baba, mvi zimemjaa sasa, kama siku ile aliusikia mlio wa ile ya kijani.

"Nilisikia, mama," akasema. "Lakini hiyo ingine ungeona haya kuipanda. Na haya ya kazi yangu ilikuwa imekutosha."