Machupa ya Jirani Katika Friji la Bibi

Juzi umeme uliniishia chumbani kwangu kabla sijamaliza kupiga pasi. Ninyi mnaokaa nyumba za kupanga mnakijua kile kimashine cha ukutani, kinavyoanza kulia salio likikaribia kwisha, na kinavyozidisha kelele ukiwa na mgeni. Mimi nilikuwa na mgeni. Shoga yangu alikuwa amekaa kitandani, akacheka, akaniuliza kama umeme wangu naupeleka mpaka Uroa, upande wa pili wa kisiwa. Nikacheka na mimi, maana mimi ni mtu wa kucheka. Lakini uso uliniwaka. Moto ule wa uso naujua, na haukuanzia chumbani kwangu. Ulianzia Jang'ombe, Unguja mjini, jikoni kwa bibi yangu, Ramadhani moja nikiwa nasoma darasa la nne.

Nililelewa na bibi mzaa mama. Mama alikuwa Dar akitafuta maisha, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili na friji. Nasema hivyo kwa sababu friji lile lilikuwa na nafasi ya mtu kabisa. Mjomba alilituma kutoka Uarabuni likiwa limeshatumika, pana kuliko mlango wa jikoni, ikabidi fremu ichongwe ndipo lipite. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyolala. Mpira wa mlangoni ulichanika upande mmoja mwaka ule, ukawa unavujisha baridi, basi bibi akalifunga kiunoni kwa mpira wa baskeli, kama mwanamke anayejiandaa kutwanga. Likiwaka lilikoroma, likaguna, likanyamaza, kisha likaanza upya. Mimi bila ya kusikia mkoromo wake nilikuwa silali. Uchochoro wetu wote ulikuwa na friji hilo tu, ukiacha la dukani pale kona, nalo lilikuwa la soda na lilitiwa kufuli.

Ramadhani ndiyo ilikuwa enzi yake. Watu wakitoka tu kusali alasiri, watoto wa jirani walianza kupanga mstari mlangoni kwetu, kila mmoja na chupa yake, na jagi, na kopo lililofunikwa kisahani. Ukwaju, pasheni, embe, maji matupu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipokea. Nilifunga kila chupa uzi wa rangi yake ili zisichanganyike, na wallahi sijawahi kuwa na cheo kikubwa kuliko kile mpaka leo. Kulikuwa na watoto walionipiga skuli asubuhi, na alasiri wakaniita dada. Jikoni palinuka iliki, na ndizi mbivu zilizokuwa zikichemka kwa tui, na nje unasikia mbuzi za nazi zikikuna nyumba baada ya nyumba. Magharibi ikikaribia mstari ulirudi, safari hii kuchukua, na chupa zilitoka zikitiririka jasho.

Wapo waliomwambia bibi achukue chochote, japo kidogo, kwa ajili ya umeme. Bibi alikuwa akiwajibu hivi hivi kila mara: "Baridi si mchele, useme itanipungukia kwenye debe." Na mimi niliamini. Niliamini baridi inatoka mle ndani yenyewe, kama maji ya kisima.

Bili ililetwa katikati ya mfungo. Bibi alikuwa akisoma msahafu kwa ufasaha wa kupendeza, lakini herufi za kizungu alisema ni za watu wa maofisini, kwa hiyo karatasi za namna ile alinipa mimi. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, pole pole. Nikasoma tena, nikamwonesha kwa kidole. Ilikuwa imeruka mara nne ya ile ya mwezi uliopita. Bibi aliikunja ile karatasi, akaitia ndani ya mkunjo wa kanga yake, akaendelea kuchambua mchele. Nilipotazama baadaye, mawe alikuwa ameyaacha na mchele mzima kautupa.

Tulikwenda ofisini asubuhi ya pili yake, bibi kavaa buibui lake la kutokea, maana aliamini pamekosewa. Kijana wa dirishani hakuwa mbaya. Alimwamkia, akamuuliza kwa adabu.

"Una friji, bibi?"

"Ninalo."

"Unauza barafu?"

"Siuzi kitu, mwanangu."

"Sasa unamgandishia nani?"

Bibi akatazama sakafu. Nilitaka kujibu mimi, akanibana mkono. Njiani wakati wa kurudi alinieleza kwamba kujibu suali lile ni kuwataja jirani zake mbele ya mtu asiyewajua, tena mchana wa Ramadhani, na kumsema mwenzio ni sawa na kula nyama yake. Basi alinyamaza, na yule kijana akamwambia alipe nusu siku ile na nusu mwisho wa mwezi, ama sivyo watu wa ngazi watakuja.

Watu wa ngazi hapo kwetu kila mtu aliwajua. Waliegemeza ngazi yao kwenye nguzo, wakapanda, wakakata waya mtaa mzima ukitazama, na mwenye nyumba siku hiyo hujifungia ndani asionekane. Nyumba moja ya nyuma yetu ilikatiwa, na mwaka mzima ikaitwa kwa mwenye kibatari. Bibi alikuwa mtu wa kuombwa, hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Nusu ya kwanza aliilipa kwa zile pesa alizoziweka kwa ajili ya sanda yake. Nusu ya pili hakuwa nayo, na friji lilikuwa bado linakoroma jikoni.

Akalizima yeye mwenyewe. Alijizungushia kanga mkononi kwa kuogopa shoti, akavuta plagi, akaitundika juu ya msumari. Jikoni pakawa kimya mpaka nikawasikia kunguru juu ya bati. Alifungua ule mpira wa baskeli, akaachia mlango wazi kidogo lisije likatoa harufu, akatia vitunguu na mbatata ndani yake. Alasiri mstari ulipokuja aliniambia, "Waambie halifanyi kazi."

Nikamtazama. Bibi alinifundisha kuwa uongo unaharibu saumu.

"Si limezimwa?" akasema. "Basi halifanyi kazi. Sijasema limeharibika."

Yeye hakusema, lakini mtaa ulisema. Ilipofika saa ya tarawehe habari ilikuwa imeshafika mpaka kwa muuza uji, na wanawake wakawa wanakuja kutoa pole. Wa kwanza alikuwa jirani wa mbele, mwanamke mnene aliyekuwa akisuka ukili barazani kwake na kumtania kila anayepita. Aliingia na sahani ya kaimati, akakaa.

"Shoga yangu, nimesikia umefiwa," akasema. "Limekufa kwa maradhi gani?"

"Halijafa. Limepumzika tu."

"Kwani hao waliokufa tunawasemaje? Si wamepumzika?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nilimwona bibi anavyocheka, mdomo tu, macho hayamo.

Kisha ukaja wema, na wema ule ndio uliotuumiza. Jirani waliona bibi yao aliyewapoza miaka yote sasa anafuturu kwa maji ya moto. Kila magharibi sahani zilizidi. Majimbi, sambusa, mkate wa kumimina, na jirani wa mbele akawa ananunua barafu dukani, anaileta kwenye chupa ya chai ya bibi, anaimimina kwa mkono wake. Bibi alikula tende, akanywa funda moja, akaiweka bilauri chini. Maji yale hayakumshuka. Nilimwomba tuwaambie ukweli, mambo yaishe. Akaniambia, "Ukishamwonesha mtu kuwa chupa yake ina bei, umeshamfukuza."

Siku chache baadaye, baada ya alasiri, mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa mbele na wanawake wengine wanne watano nyuma yake, na mbele yao kijana mmoja fundi wa mafriji kabeba mkoba wa vyuma. Walikuwa wamechangishana. Bibi alisimama mlangoni pa jikoni, akajaribu kila neno: kwamba fundi amefunga asisumbuke, kwamba jikoni hakujafagiwa, kwamba mjomba ataleta jingine. Jirani wa mbele alimsogeza kwa ubavu wake, taratibu, huku akisema thawabu za fundi ndizo hizo hizo.

Fundi hakufungua hata mkoba. Aliiona plagi juu ya msumari, akaichukua, akaichomeka.

Friji likanguruma. Taa ya ndani ikawaka, ikamulika vitunguu vyetu na mbatata. Jikoni pale tulikuwa tumejaa, na kila mtu aliviona.

"Hili zima," alisema fundi, maskini, alidhani analeta habari njema.

Jirani wa mbele ndiye aliyewahi kusema. "Mnaona? Lilikuwa linataka mkono wa mwanamme tu," akasema, akacheka peke yake, huku macho yake yakimwomba bibi acheke naye.

Mpaka leo naikumbuka fadhila ile. Alikuwa ameshaelewa, na amemfungulia bibi mlango wa kutokea. Bibi angesema alhamdulillahi limepona, tungefuturu, na kila mtu angejifanya kasahau. Mimi moyoni nilikuwa nikimwomba aseme hivyo. Lakini bibi alikuwa amefunga.

"Nimelizima mimi," akasema. "Bili imenishinda."

Hakuwatazama. Na hakuna aliyeuliza bili imepandaje, kwa sababu kila mmoja alianza kuhesabu kichwani machupa yake mwenyewe. Mwanamke mmoja aliyezoea kuleta jagi kubwa kuliko wote aliingiza mikono yake ndani ya buibui, kama bado amelishika.

"Kumbe ni sisi," akasema jirani wa mbele.

"Sijasema hivyo."

"Hukusema. Ndiyo maana tumeendelea."

Walitoka mmoja mmoja. Zile pesa za mchango, kwa vile fundi hakutaka malipo, waliziacha juu ya friji. Bibi alinituma nizirudishe, nikazunguka nyumba zote, wakazikataa. Nusu ya pili ikalipwa kwa pesa hizo, na watu wa ngazi hawakuja kwetu. Kwa hiyo bibi hakupata ile fedheha aliyoiogopa. Alipata nyingine.

Siku ya pili alilisafisha friji ndani na nje, akaliwasha, akanituma nyumba kwa nyumba na kikapu: waambie walete machupa, limewashwa. Nilipita milango ile ile. Wote walinijibu kwa upole. Mmoja akasema maji ya mtungi ni matamu zaidi. Mwengine akasema baridi inamletea mtoto kikohozi. Jirani wa mbele, ambaye sikuwahi kumwona akikosa mzaha, alisema tu, "Mwambie bibi yako tunamshukuru." Nikarudi na kikapu kitupu. Bibi alikitazama, akakichukua, akakitundika.

Chuoni, tulikokuwa tukisoma Kurani, watoto wakapata la kunitania. Walisema friji letu ukiliwekea maji linakuandikia bili. Nilikaa nao mkeka mmoja huku nimeinamisha kichwa juu ya juzuu yangu, na cheo changu chote kimeisha. Niliona aibu ambayo sijui jina lake, aibu ya kuwa na kitu ambacho wenzio hawana, na kwamba kitu hicho kimewafanya wajione wezi. Nyumbani friji lile kubwa lilikoroma juu ya jagi moja, letu.

Sahani hazikukatika, nisidanganye. Ujirani haukuvunjika, tulizikana na tulioana kama kawaida. Lakini watu walianza kubisha hodi mara nyingi zaidi kuliko zamani, kisha wakakaa nje ya mlango kungoja waambiwe waingie.

Ramadhani ya mwaka uliofuata walihamia wapangaji wapya nyumba ya kona. Alasiri moja akaja mtoto wao, kijitoto cha skuli ya chekechea, na chupa ya ukwaju mkononi, akauliza kama ndiyo nyumba ya friji. Bibi aliinuka mwenyewe, asinitume mimi. Aliipangusa chupa ile kwa kanga yake, akaichagulia pahala pa juu kabisa panapogandisha, akamtafuta mtoto uzi mwekundu, akamuuliza jina na mama yake anatoka wapi. Magharibi ilipokaribia aliimba jikoni. Sikuwahi kumsikia bibi akiimba na saumu kinywani.

Mtoto hakuja kuichukua. Alikuja mama yake, asubuhi, kainamisha uso. Ilionekana kuna mtu keshampa habari.

"Bibi, samahani sana," akasema. "Mtoto hakujua."

"Hakujua nini?" bibi akamuuliza.

Yule mama akaipokea chupa ya mwanawe, imeganda ngumu kama jiwe, akaifunga ndani ya mtandio, akashukuru, akaondoka nayo.

Bibi sasa hayupo, na friji liliuzwa kwa mnunua vyuma chakavu. Nikipita uchochoro ule siku hizi kila nyumba ina friji lake na kimashine chake ukutani, mtu analipa anachokitumia na hapana anayemwonea mwenziwe aibu. Ni raha, sikatai, na mimi nnaota siku moja nami nitakuwa na langu. Lakini ukipita alasiri ya Ramadhani, milango yote imefungwa, na mtoto hana sababu ya kwenda kubisha hodi nyumba ya pili.