Tambazi la Aurelia Komba

Aurelia Komba anauza maharage sokoni Songea, meza ya pili kutoka yangu ya mchele. Ni mjane, mkali wa bei. Mteja akilia shida, humjibu kwamba hakuna aliyekuja sokoni kutembea.

Mwaka huu, mvua zikiwa zinakatika, paja lake la kulia lilivimba, likawa gumu na la moto. Zahanati wakasema ni maambukizi kwenye nyama, wakampa vidonge. Vidonge vikaisha, uvimbe ukabaki. Walburga muuza dagaa akatoa jina: tambazi, jipu la ndani ya nyama lisilotoa mdomo. Na tambazi, kila mtu huku anajua, halichomwi sindano, ukilichoma unakufa. Akamletea mizizi ya kuchulia. Aurelia akachua, akachechemea, mwisho akaacha kuja sokoni.

Nilimkuta kwake Bombambili amekonda mpaka khanga inamzunguka mara mbili. Nikamwuliza tambazi gani hili linakula mwili mzima. Akasema nisimtishe.

"Zahanati uliwaambia habari ya titi ulilokatwa mwaka juzi?"

"Ya nini? Lile lilipona. Hili ni paja."

Nikamwambia twende hospitali kubwa. Akakataa, watamchoma. Basi tukapatana kama watu wa sokoni: sindano moja tu, ya kuvuta, si ya kuingiza dawa, na mimi nisimame pale pale.

"Na nikifa?"

"Njoo unisute."

Daktari alimpima kwa mashine, kisha akachoma. Nilikodolea macho bomba la sindano. Sijawahi kuomba usaha maishani, siku ile niliuomba. Ikaja damu kidogo na vipunje vyeupe. Daktari akauliza kovu la kifuani ni la nini, na Aurelia akaeleza kwa sauti ndogo, kama anayesema habari za mtu mwingine.

Kusubiri majibu kulimmaliza kuliko maumivu. Tulipoitwa, daktari hakuzunguka: hayakuwa maambukizi. Saratani ya titi ilikuwa imehamia kwenye msuli wa paja. Kuimaliza hawezi, dawa ya kuituliza ipo, ya sindano.

Aurelia alimtazama kama anavyomtazama mkulima asiyetaka kufungua gunia.

"Nitasimama mezani kwangu tena?"

"Maumivu yatapungua, mama. Kusimama siwezi kukuahidi."

Akakunja mkono wa gauni mpaka begani.

"Haya. Choma."