Jina Lisiloitwa Uwanjani

"Bibi, kwani wewe uhuru hukuupenda?"

Aliyeuliza alikuwa Sidoni, jirani wa ng'ambo ya kijito, asubuhi ya Januari mosi, kitambaa cheupe kichwani na mtoto kiunoni. Kijiji kizima, huko katika milima ya Dondon, kwenye kisiwa kilichowahi kuwa koloni la Wafaransa, kilikuwa kinateremka kwenda kwenye uwanja wa msalaba. Bibi Modestin peke yake alikuwa ameketi kibarazani anachambua kahawa kwenye ungo, kana kwamba ni siku ya kazi.

Hakukasirika. Alitupa punje mbovu pembeni, akasema, "Niliupenda kabla mama yako hajaota meno." Kisha, kwa kuwa Sidoni hakuondoka, alimsogezea kigoda, maana jambo lenyewe halisemeki kwa mtu aliyesimama.

Kila siku ya uhuru watu walikusanyika kusikia majina. Padri hakuwapo milimani miaka ile, hivyo aliyewasalisha watu alikuwa Mzee Ansem, askari wa zamani. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya msalaba na kuwaita waliokufa wakipigania uhuru, mmoja mmoja, kama wanavyoitana jeshini. Kila jina lilipotajwa, aliyebaki katika nyumba ile alisimama na kumwitikia marehemu wake: "Yupo." Wapo waliolia, wapo waliojikaza, na palikuwa na mzee mmoja kiziwi aliyeitikia jina lolote mpaka wajukuu wamkanyage mguu. Mume wa Modestin alikufa katika vita hiyo hiyo. Jina lake halikuwahi kuitwa hata mara moja. Hilo ndilo lililomweka kibarazani, siyo kuuchukia uhuru.

Modestin alizaliwa papo hapo milimani, katika shamba la kahawa la Mfaransa, mama yake akiwa mtumwa na yeye mtumwa tangu tumboni. Alikuwa msichana mchumaji siku walipoletwa watu wapya kutoka bandarini, watu wa Kongo waliovushwa bahari wakiwa katika minyororo. Mmoja wao alikuwa amekonda, mbavu zote nje. Msimamizi akamtazama, akampa jina Jasmin, jina la ua, na wazungu wenzake wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Jioni Modestin alimpelekea muhogo wa kuchoma, akamwuliza jina kwa ishara. Mtu yule akajigusa kifua: "Nlandu." Baadaye, alipokwisha kuijua lugha ya shambani, alimweleza kwamba kwao jina hilo hupewa mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, na kwamba mama yake alimwita hivyo kabla hata hajamnyonyesha. Shambani alikuwa Jasmin. Kwa Modestin, na mbele za Mungu, alikuwa Nlandu.

Watumwa wa bondeni walipoyatia moto mashamba ya miwa, moshi ulipanda hadi milimani na majivu yakatua juu ya kahawa iliyoanikwa. Nlandu alichukua panga lake la kufyekea akaenda. Ikaja miaka ya vita, kisha miaka ya kupumua. Utumwa ulitangazwa kuwa umekwisha. Wakajenga kibanda, wakapanda ndizi na viazi vikuu, na Mungu akawapa mtoto wa kike.

Wafaransa wakarudi na meli zimejaa askari. Majemadari weusi walipigana nao kwa muda, kisha wengi wakasalimu amri, wakawatumikia, na wakapewa kazi ya kuzunguka vijijini kukusanya bunduki. Waliwaambia wakulima kwamba bunduki ni ya askari, mkulima kazi yake jembe. Watu walizitoa. Nlandu aliifunga yake kwa kitambaa chenye mafuta, akamwambia mkewe, "Anayenipokonya bunduki ananipimia mnyororo." Akaingia msituni na wenzake wa Kongo. Modestin akamfuata, mtoto mgongoni.

Msituni hapakuwa na chumvi wala moto wa mchana, moshi usije ukawafichua. Mtoto alishikwa na homa wakati wa mvua akafa. Walimzika chini ya jiwe. Modestin alisali sala zake alizozijua, Nlandu akasali za kwao, na Mungu ndiye ajuaye zipi zilifika kwanza.

Kwa miezi hiyo ni hao wa msituni tu waliokuwa wakipigana. Ilipobainika kwamba Wafaransa wamekuja kurudisha utumwa, majemadari wakageuka, wakarudi kwa watu wao. Ingepaswa kuwa siku ya kukumbatiana. Lakini neno lao la kwanza lilikuwa kwamba watu wa msituni waje chini ya amri yao. Wajumbe walipofika, Nlandu hakuwatukana. Aliwaambia kwamba mtu aliyemwinda jana kwa ajili ya Mfaransa hawezi kumpigia saluti leo. Vita ni moja, akasema, basi wapige upande wao, naye atapiga upande wake.

Kwa neno hilo akaitwa mhaini. Kikosi kilitumwa, kikamkuta kijitoni ameinama kuchota maji, wakampiga risasi. Hawakuwa Wafaransa. Walikuwa weusi kama yeye. Modestin aliona yote kutoka vichakani, akiwa ameuma kitambaa asitoe sauti. Mwaka uliofuata Wafaransa walishindwa, wakapanda meli zao, na nchi ikatangazwa kuwa huru.

Sidoni alisikiliza mpaka mtoto akasinzia mapajani mwake. Alikuwa amesikia yote isipokuwa jambo moja, kwamba katika kikosi kile palikuwa na kijana aliyeitwa Ansem. Hilo Modestin hakuwahi kumwambia kiumbe. Kwa hiyo Sidoni, kwa moyo mwema kabisa, akashauri, "Sasa si umwombe tu Mzee Ansem aliite? Mtu mpole yule. Hata kuku wake hampigi."

Modestin akasema atamwomba.

Na kweli Ansem alikuwa mpole. Alipewa kipande cha ardhi kwa uaskari wake, akajifunza sala, akawazika watu na kuwaombea wagonjwa bila kudai chochote. Modestin alikuwa akisali rozari nyumbani kwa Ansem, maana hapakuwa na pengine pa kusali. Alimsamehe. Alimsamehe leo na kesho akamsamehe tena, kwani msamaha wa namna ile ni kama uji, ukilala huchacha. Walisalimiana njiani kwa adabu. Ansem alijua kwamba alionwa siku ile, na hakuna aliyewahi kulitaja.

Wiki hiyo hiyo Modestin alikwenda. Alimkuta anasuka kikapu, akamweleza haja yake bila kuzunguka: anataka jina la Nlandu liitwe uwanjani, naye aitikie. Ansem aliweka kikapu chini.

"Dada Modestin," alisema, "nikiita jina lake, watu watauliza alikufaje. Wakijua alikufaje, watauliza nani."

"Mimi sijamwambia mtu."

"Najua. Ndiyo maana nakuogopa kuliko wote."

Hakumkatalia moja kwa moja. Siku nyingi baadaye alimletea jibu akiwa amekunja kofia kwapani. Ataita Jasmin. Ni mtu yule yule, alisema, na hakuna atakayemjua wala kuuliza. Modestin alimshukuru, kwa sababu aliona jinsi hilo nalo lilivyomgharimu, na akarudi kwenye kahawa yake bila kusema ndiyo wala hapana.

Januari iliyofuata ilipofika alivaa gauni lake jeupe, akateremka na Sidoni. Watu walishangaa kumwona, wakampisha mahali pa mbele. Ansem aliita majina ya siku zote, kisha akatua, akamtazama, akaita: "Jasmin."

Modestin alisimama. Miguu ilikubali, mdomo ukagoma. Aliona waziwazi kwamba akiitikia, atakayehesabiwa miongoni mwa mashujaa ni yule Jasmin wa msimamizi, yule wa kuchekwa, na aliyepigwa risasi kijitoni atabaki pale pale, uso ndani ya maji. Akaketi. Mzee kiziwi, kwa kuona watu wamekaa kimya, akaitikia kwa sauti kubwa, "Yupo," na uwanja mzima ukaangua kicheko. Modestin naye alitabasamu, asije akamfedhehesha mzee wa watu. Machozi aliyamalizia nyumbani.

Hakumlaumu Ansem. Alisema Mungu ana daftari lake na halikosei majina. Lakini Sidoni aliona kwamba tangu siku ile mama yule alianza kupungua, kama mshumaa uliowekwa penye upepo. Alikula kidogo. Alipokuwa akichuma kahawa alisimama katikati ya mistari na kusahau alikokuwa anakwenda. Wakati wa mavuno alianguka, akabebwa na kulazwa, na hakuinuka tena.

Ansem aliitwa kumwombea. Sidoni alikuwa upande wa pili wa ukuta wa fito, anapepea moto wa mchuzi, na kwa kuwa ukuta ule ulikuwa na nyufa, alisikia. Modestin alimwambia Ansem kwamba la kijitoni amekwisha kumsamehe, na hapo ndipo Sidoni alipoelewa kwamba Ansem alikuwa katika kikosi kile. Zaidi ya hapo Modestin hakuzungumza habari za risasi. Alimwomba Ansem ombi dogo kuliko lile la kwanza. Ansem alifungua kinywa, akakifunga, akafungua tena, na kilichotoka ni sala ya wagonjwa tu. Aliisali yote mpaka mwisho, akatoka bila kuaga. Modestin alikata roho kabla kahawa ya mwaka ule haijakauka uani.

Siku ya uhuru, Ansem alisimama mbele ya msalaba bila kofia. Aliita majina yote. Watu walipoanza kuinuka aliwaashiria wakae, akaita jina jingine, polepole, kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake: "Nlandu, mtu wa Kongo, mume wa Modestin." Watu wakatazamana, wakaanza kuulizana huyo ni nani na alikufaje, kama alivyokuwa akihofu miaka yote. Ansem hakuondoka. Alisimama pale pale akingoja kuitikiwa.

Sidoni ndiye aliyesimama, akasema "Yupo." Lakini ilikuwa sauti ya jirani. Haikuwa ya mke.

Na lile ombi la kitandani, ambalo Ansem alishindwa kulitimiza wakati bado lingeweza kutimizwa, Sidoni hakulisahau. Modestin alisema hivi:

"Ansem, uwanja nimeuacha. Liite hapa hapa, tuko wawili tu. Liite mara moja, nami niitikie."